Nywele zinazotoka bombani: kugeuza kolaji ya majarida kuwa mchoro wa akriliki

Kolaji yangu, yaani picha ya vipande vya majarida vilivyokatwa na kubandikwa pamoja, ina bwana aliyevaa suti ya kijivu, ameketi kwenye kigoda, na mahali pa kichwa pana shada la zabibu. Mkono wa kulia umeshika bomba la maji. Bombani hayatoki maji, zinatoka nywele: ndefu, nyeusi, zinang'aa, zinaangukia ndani ya ndoo ya lita 20. Suti niliikata kwenye jarida la shirika moja la ndege, zabibu kwenye kipeperushi nilichookota viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, nywele kwenye tangazo la mafuta. Mtu aliyewahi kukaa Dodoma akaamka saa tisa usiku kukinga maji ya mgao hahitaji kuelezwa picha hiyo ilitoka wapi.

Ilikuwa na ukubwa wa karatasi ya A4. Niliitaka iwe kubwa, ya ukutani, ya akriliki (rangi ya kuchorea inayozimuliwa kwa maji), nikadhani kazi iliyobaki ni kunakili tu. Nikanakili. Ikatoka kama tangazo la biashara lililochapwa vibaya. Ilibidi nianze upya, na humu nimeandika yale niliyojifunza katika mara ya pili, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kolaji ina ruhusa ya kunyamaza. Mtazamaji akiona karatasi imekatwa kwa mkasi anajua pale pameunganishwa, anasamehe, anaendelea. Ukishaipaka rangi, ushahidi wa mkasi umeondoka na kila mkato umegeuka swali. Shingo inaishia wapi na zabibu zinaanzia wapi? Mwanga unatoka upande gani? Nywele zikifika kwenye ndoo zinafanya nini? Usipojibu kabla ya kufungua rangi, brashi itakujibia, na itajibu ovyo.

Max Ernst alilijua hilo. Usurealisti, sanaa ya mambo yasiyowezekana kama ya ndotoni, ulitangazwa Paris mwaka 1924, mshairi André Breton alipotoa ilani yake, na Ernst, Mjerumani aliyekuwa amehamia huko, akawa anakata picha za vitabu na majarida ya karne ya 19, anaziunganisha, kisha anazitoa kama vitabu, mwaka 1929 na tena 1934. Ukitazama kurasa zile huoni gundi wala mkato, maana kuchapwa upya kuliyafunika maungio yote. Sisi kazi hiyohiyo tunaifanya kwa brashi. Karibu na nyumbani yupo Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, msanii ambaye wanawake wa kwenye picha zake wamejengwa kwa vipande vya majarida, wino na rangi. Na atakayekuambia kwamba viumbe wasiowezekana ni mambo ya Wazungu, mpandishe basi linalopita Kondoa akashuke Kolo, aone michoro ya miambani iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006: watu waliorefushwa kama nyuzi, wengine na vichwa vya ajabu. Kisha mrudishe tuendelee na kazi.

Kolaji ipi inafaa

Si kila kolaji nzuri inafaa kupakwa rangi. Zile zenye vipande arobaini vilivyorundikana ziache zilivyo, uzuri wake uko kwenye karatasi. Chagua yenye vipande vitatu hadi vitano, vikubwa, ambavyo mtu akisimama hatua tano mbali bado anavitambua. Ipeleke steshenari watoe kopi nyeusi na nyeupe. Kama kwenye kopi hiyo suti na ukuta wa nyuma vimekuwa kijivu kimoja, shida hiyo haitaondolewa na rangi; badilisha kipande kimojawapo sasa hivi.

Kwa anayeanza kabisa: majarida ya zamani yapo kwa wauza vitabu vya mtumba. Kata kwa wembe mpya juu ya kipande cha kioo au kigae. Panga vipande bila gundi, piga picha kwa simu, ondoka, rudi kesho yake. Mara nyingi utasogeza kitu kimoja tu na ghafla picha itaanza kusema. Kubandika tumia gundi ya kijiti. Gundi nyeupe ya maji hukunja karatasi ya jarida, na zile kunyanzi zitakudanganya baadaye ukidhani ni vivuli.

Kuhusu nyuso: picha ya jarida ina mwenyewe, aliyeipiga, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kukata na kubandika nyumbani kwa kujifunza hakumsumbui mtu. Ukipanga kuuza au kuonyesha, usinakili picha ya mtu mmoja neno kwa neno. Badilisha mkao, badilisha mwanga, badala ya uso wa mwanamitindo weka uso wa ndugu yako aliyekubali. Kwangu zabibu zilinitatulia hilo.

Jibu maswali ya mikato kwanza

Chukua ile kopi nyeusi na nyeupe na kalamu nyekundu. Zungushia kila mahali ambapo kipande kimoja kinakutana na kingine. Kwangu palitoka sehemu saba. Kila sehemu ina majibu matatu tu: mkato ubaki mkali kana kwamba mkasi umepita, vitu viote pamoja, au kivuli kiingie katikati kivitenganishe. Andika jibu pembeni ya kila duara.

Shingoni niliandika "viote". Kwenye kolaji shada lilikuwa limekaa tu juu ya kola. Kwenye mchoro niliamua kikonyo cha zabibu kitoke ndani ya kola, kipite kwenye fundo la tai, kama mzabibu unavyopanda kwenye waya wa shambani. Mkononi na bombani niliandika "kivuli", kwa sababu mkono na bomba vilitoka majarida mawili na vidole havikuwa vimeshika chochote. Ukingo wa suti dhidi ya anga niliuacha mkali.

Kisha mwanga. Suti ilipigwa mwanga kutoka kushoto, zabibu kutoka mbele, nywele kutoka kulia. Wapo wachoraji watakaokwambia uache mianga yote mitatu kwa kuwa ndiyo ndoto yenyewe. Mimi sikubaliani. Jambo lisilowezekana linasadikika pale linapopakwa kwa utulivu na ukweli uleule wa kikombe mezani; mwanga ukitofautiana mtu anahisi mchoraji amekosea, na hapo ndoto imekwisha. Chagua mwanga wa kipande kikubwa kuliko vyote, kwangu suti, na vingine vyote vifuate.

Hapo ndipo utahitaji vitu halisi. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sikuhangaika. Nilinunua shada moja, nikaliweka dirishani mwanga ukiingia kushoto, nikapiga picha kwa simu. Jirani yangu alichungulia akasema, "Mwalimu, hizo zitakuwa zimeliwa na watoto kabla hujamaliza kuzichora." Nilipomaliza kuchora muhtasari zilikuwa zimebaki kumi na moja. Piga picha mapema.

Ubao

Amerikani iliyokazwa kwenye fremu inafaa, lakini kwa mchoro wenye kingo kali kama huu napenda hadibodi. Haiyumbi chini ya rula, na upande wake laini unakubali mstari mwembamba. Usione ni kitu cha kimaskini: Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa hadibodi na rangi za mafuta, na mtindo unaobeba jina lake ukaenea duniani. Ila rangi zile za mafuta na akriliki hazielewani. Akriliki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Shiti moja ya hadibodi ni sentimita 122 kwa 244. Seremala ataipasua akupe vipande vinne vya 60 kwa 84, na cha tano kutoka kwenye mabaki. Mwambie apigilie fito za mbao nyuma ili ubao usipinde. Wangu, mtaa wa pili tu, alipoona kolaji aliuliza, "Sasa huyu bwana ataona wapi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo ndiyo maoni bora niliyowahi kupewa.

Piga msasa mwepesi, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, paka jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) mikono mitatu, kila mkono ukivuka ule uliotangulia: wa kwanza wima, wa pili mlalo. Katikati piga msasa namba 220. Paka mkono mmoja na upande wa nyuma, ubao unaonywa unyevu upande mmoja tu hujikunja. Jeso ikikosekana, rangi nyeupe ya maji ya ukutani, isiyong'aa na ya daraja zuri, inatosha kwa kazi ya kujifunza. Ya kuuza nisingeipaka.

Na ukaushie ndani. Mwezi wa kumi niliutoa wangu nje, nikauegemeza ukutani, nikaingia kunywa chai. Anayeujua upepo wa Dodoma wa msimu ule ameshajua kilichotokea. Nilirudi nikakuta ubao mwekundu, mbichi, umejipaka vumbi lote la uani. Ulipokauka ulikuwa wenyewe ni msasa.

Kukuza kwa miraba

Punguza kingo za kolaji ibaki sentimita 20 kwa 28. Usichore mistari juu yake: funika kwa nailoni ngumu ya kukingia jalada la ripoti, uchore juu ya nailoni kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila mraba sentimita 4, utapata mitano kwa upana na saba kwa urefu, jumla 35. Kwenye ubao wa 60 kwa 84 chora miraba ya sentimita 12, nayo itatoka 35. Ipe namba: A hadi E juu, 1 hadi 7 pembeni.

Sasa hamisha mraba mmoja mmoja, ukitazama tu mstari unaingilia wapi na kutokea wapi. Usifikirie "mkono", fikiria "mstari unaingia C4 chini kidogo ya katikati". Sehemu ngumu kama vidole, gawa mraba huo mara nne tena. Tumia penseli ngumu, ya H, na mkono mwepesi. Ya 2B hupaka masizi na huchafua njano baadaye. Mwenye projekta atamaliza kazi hii kwa robo saa na sitamlaumu, ila ahakikishe imenyooka, isije ikampa ndoo yenye mdomo mpana kuliko bwana mwenyewe.

Rangi, na hewa inayozikausha

Nilitumia sita: nyeupe ya titani, njano, nyekundu, buluu ya ultramarini, siena na amba ya kahawia. Nyeusi ya kwenye tyubu niliiacha dukani. Ultramarini na amba zikichanganywa zinatoa nyeusi yenye uhai, ambayo unaweza kuivuta iwe ya baridi au ya joto. Ukiongeza nyeupe umepata kijivu cha suti yote.

Rangi za jarida zitakupoteza. Zimechapwa kwa nukta ndogo za wino wa aina nne na jicho ndilo linalozichanganya, kwa hiyo usitafute tyubu inayofanana. Changanya, kisha dondosha kidogo juu ya ile nailoni, mahali hasa pa rangi unayoitafuta. Ukifinya macho doa likapotea, umefika. Akriliki ikikauka hukoza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo changanya ikiwa imefifia nusu hatua.

Tatizo la kwetu ni ukavu. Rangi uliyoikamua ukaenda kufungua mlango utaikuta ina ngozi. Chukua kontena la chakula lenye mfuniko, tandika kitambaa cha pamba kilicholowa chini, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia hapo. Ukifunika, rangi inafika kesho ikiwa hai. Weka pia chupa ya kunyunyizia maji. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, ndizo saa nzuri. Kuogesha brashi panga makopo matatu, chafu, nusu, safi. Maji ya kopo chafu yaache yatuame, mwaga ya juu, tope la chini litupe na takataka. Brashi isilale na rangi hata dakika kumi.

Nyuma kuja mbele

Paka ubao wote siena nyepesi iliyochanganywa na maji kidogo. Ni rangi ya udongo wetu, na ikichungulia huku na kule baadaye itaunganisha vipande vilivyotoka majarida matano. Usizidishe maji: rangi iliyozimuliwa sana hukosa gundi yake na hufutika. Ikibidi iwe nyembamba sana, tumia midiamu ya akriliki, ile gundi ya akriliki isiyo na rangi.

Nyuma ya bwana wangu kulikuwa na ufukwe wa jarida. Niliutoa, nikaweka nchi tambarare na mbuyu mmoja uliopukutisha majani. Anga inayofifia taratibu ni kazi ngumu kwa hewa hii. Niliipaka kwa tabaka tano nyembamba, nikinyunyiza maji kila mara, brashi mbili mkononi, moja ya rangi na moja kavu ya kulainisha. Baada ya anga, ardhi, kisha suti kwa vijivu vitatu tu: mwanga, kati, kivuli. Vifungo na mikunjo midogo ni vya mwisho. Zabibu: paka shada zima kama umbo moja jeusi la zambarau, ndipo utoe zile za mbele moja moja, na ule ukungu mweupe wa juu ya ganda uupake kwa brashi karibu kavu. Zile za nyuma ziache gizani, jicho litazihesabu lenyewe.

Nywele

Hapa ndipo mchoro wa kwanza ulipokufa. Nilichora unywele mmoja mmoja, siku tatu, nikapata ufagio.

Mara ya pili nilianza kwa kukaa uani na kufungua bomba. Maji yakitoka kwa nguvu huwa kamba moja iliyosokotwa pale mdomoni, laini, yenye mstari mmoja wa mwanga. Yakishuka yanapanuka na kuvunjika. Basi nywele nazo zianze hivyo. Nilipaka umbo lote la maporomoko kwa nyeusi yangu ya ultramarini na amba, bila unywele hata mmoja, kama kitambaa kinachoning'inia. Lilipokauka nikaongeza rangi ya kati, buluu iliyokolea, kwa brashi bapa yenye upana wa sentimita mbili, pigo refu moja kutoka juu hadi chini bila kuinua mkono. Mapigo manne. Matano ni mengi.

Kisha mwanga, na mwanga wa nywele haukimbii kwa urefu, unakatiza. Angalia msichana aliyetoka saluni: ule mng'ao ni mkanda unaovuka nywele zote pale zinapopinda. Niliupaka mkanda huo mahali pawili, chini tu ya mdomo wa bomba na pale zinapopinda kuingia ndoo, kwa kijivu chenye buluu, nikazivuta kingo zake juu na chini zikiwa bado mbichi. Baada ya hapo tu nilishika brashi nyembamba yenye nywele ndefu, rangi nimeizimua iwe kama wino, nikatoa nyuzi ishirini hivi zilizotoroka pembeni. Hizo ishirini ndizo zinazomfanya mtu aamini zile elfu ambazo sikuzichora.

Ikabaki ndoo. Kwenye tangazo nywele zilikatwa mkato ulionyooka, begani. Zirushe matone kama maji? Nilijaribu kwenye karatasi, ikawa mzaha. Zikajikunja kimyakimya, kama kamba inavyojilaza kisimani, na ndoo ikawa imejaa nusu. Nusu tu, kama ndoo za mgao.

Kingo

Pale ulipoandika "mkali", bandika tepu ya karatasi, ukandamize ukingo kwa ukucha, kisha pitisha juu yake rangi ileile iliyo chini ya tepu. Hiyo itaziba mianya. Ikikauka, paka rangi mpya, na ubandue tepu ingali mbichi kidogo, ukiivuta kwa kuilaza nyuma. Pale ulipoandika "viote" fanya kinyume: rangi ya kikonyo niliidondosha kidogo kwenye kivuli cha kola, na kijivu cha kola nikakipandisha kidogo kwenye kikonyo. "Kivuli" ni siena na ultramarini iliyozimuliwa kwa midiamu, nyembamba kama chai ya rangi, tabaka mbili au tatu, zote zikilala kulia. Chini ya vidole vya bwana ilichukua dakika tano, na ghafla akashika bomba.

Kumaliza

Tabaka nyembamba za akriliki zipe siku kadhaa, nene zaidi ya hapo, ndipo upake vanishi ya akriliki mikono miwili miepesi. Vanishi ya samani isiguse mchoro, itageuka njano. Laza ubao ndani, uwe umeulaza kweli, na juu yake paa la maboksi lisiloigusa rangi ili vumbi lisitue. Sahihi iwe imeshawekwa kabla.

Kolaji yenyewe usiitupe. Yangu iko ndani ya faili, juu ya kabati. Juzi niliifungua nikakuta bomba limebanduka, na bwana ameshika nywele kwa mkono.